Kizazi Moto na Mtoto wa Nchiru

Katika mwezi wa Julai, mwaka 2023, sanaa ya vibonzo barani Afrika ilipata fadhila mbili ambazo hazikuwahi kukutana kabla ya hapo. Tarehe 5 ya mwezi huo kampuni ya Disney ilitoa, katika huduma yake ya Disney+, mkusanyiko wa filamu fupi 10 ulioitwa Kizazi Moto, filamu zilizobuniwa na kuongozwa na wasanii wa Kenya, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Zimbabwe na Misri; na kabla mwezi mwingine haujaandama, tarehe 20, Netflix ikatoa Supa Team 4, mfululizo wa kwanza wa vibonzo vya Kiafrika kuagizwa na kampuni hiyo, wenye hadithi ya wasichana wanne wa shule ambao, wakiongozwa na Mama K, jasusi aliyestaafu, wanaulinda mji wa Lusaka wa zama zijazo. Wapenzi wa sanaa hii walifurahi, na furaha yao ilikuwa halali, kwani kwa miaka mingi Mwafrika katika vibonzo vya dunia alikuwa ama hayupo, ama yupo kwa ajili ya kuchekwa.

Lakini jina la mkusanyiko ule ni la Kiswahili, na moja ya filamu zake iliongozwa na Mkenya. Ilhali mtoto wa Nchiru, katika nchi ya Tigania, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, hakuweza kuutazama kwa njia ya halali hata kama wazazi wake wangalikuwa na fedha za kulipia, maana Disney+ ilikuwa imefunguliwa Afrika Kusini mwezi wa Mei 2022, na Misri na nchi kadhaa za kaskazini mwezi uliofuata, ikakomea hapo, wala Kenya haikuwamo. Fikira zilitoka Nairobi na Kampala, zikaungwa na mafundi wa Cape Town, zikaonekana London na Tokyo, zisionekane katika nchi zilikozaliwa. Mwaka wa sanaa, kwa maoni yangu, hupimwa kwa mizani miwili, ule wa watendao na ule wa watendewao. Na mwaka 2023, uliokuwa mzito sana katika mizani wa kwanza, ulikuwa mwepesi mno katika wa pili. Ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Ili msomaji aujue uzito wa kazi yenyewe, yafaa kwanza aelewe jinsi kibonzo kinavyopata uhai. Jicho la mwanadamu likionyeshwa picha zinazofuatana upesi, kila moja ikihitilafiana kidogo na iliyotangulia, akili huziunganisha ikaona mwendo. Sinema hutumia picha 24 kwa kila sekunde, na hivyo filamu ya dakika 10 ina picha 14,400, ingawa wachoraji wengi, kwa kupunguza taabu, huiacha kila picha ikae kwa nafasi mbili, wakachora 12 tu kwa sekunde. Zamani kila picha ilichorwa kwa mkono, ikahamishiwa kwenye utando mwangavu wa plastiki na kupakwa rangi. Siku hizi kazi kubwa hufanywa kwa kompyuta, lakini asidhani mtu kwamba kompyuta imemfuta msanii jasho. Katika vibonzo vya pande tatu, fundi mmoja hufinyanga umbo la mhusika ndani ya mashine, mwingine humtia mifupa na viungo ili apate kukunja goti na kuinua nyusi, wa tatu humwendesha, wa nne hupanga taa na vivuli, kisha kompyuta huachiwa zikokotoe picha moja baada ya moja, na picha moja tu huweza kuchukua saa kadhaa. Kabla ya hayo yote pana mwandishi wa hadithi, pana michoro ya awali inayopanga kila tukio, na aghalabu sauti za wahusika hurekodiwa kwanza ili midomo ichorwe kuzifuata. Ndiyo maana majina mengi mno hupita mwishoni mwa filamu, na ndiyo maana sanaa hii, ambayo wengi huiona ni mchezo wa watoto, yataka mtaji, umeme usiokatika, na subira ya mtu anayetunga shanga usiku kucha ili zivaliwe kwa saa moja ya arusi.

Basi mwaka huo ulikuwa mwaka wa namna gani duniani? Disney yenyewe ilitimiza miaka 100 tarehe 16 Oktoba 2023, tangu ndugu Walt na Roy Disney walipoianzisha huko Los Angeles mwaka 1923. Filamu ya Super Mario, iliyotolewa mwezi wa Aprili, ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.3 katika majumba ya sinema. Huko Japani, Hayao Miyazaki, mzee wa miaka 82, alitoa filamu yake The Boy and the Heron tarehe 14 Julai pasipo tangazo la kuionyesha kabla, na watu wakaenda kuitazama kwa kuliamini jina lake peke yake. Mwezi wa Machi uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya vibonzo, ya pili kwake ya aina hiyo baada ya ile ya Spirited Away mwaka 2003. Marekani, kwa upande wake, ilikumbwa na mgomo wa waandishi wa sinema, ulioanza tarehe 2 Mei ukaisha mwishoni mwa Septemba, na wa waigizaji, ulioanza katikati ya Julai ukaendelea hadi Novemba. Na miongoni mwa mambo yaliyogombewa ilikuwa khofu ya wafanyakazi kwamba mashine zenye akili ya kubuni zitachukua maneno, nyuso na sauti zao bila ya ijara. Kwa hiyo Kizazi Moto kilizaliwa wakati ambapo watu wa taaluma hii ulimwenguni kote walikuwa wakiuliza suali moja: kazi hii ni ya nani, na faida yake humfikia nani?

Msimamizi mkuu wa Kizazi Moto alikuwa Peter Ramsey, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa waongozaji watatu waliopata Oscar kwa filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse, na kampuni iliyoziunganisha kazi zote ilikuwa Triggerfish ya Cape Town, karakana iliyoanza mwaka 1996 na ambayo ndiyo pia iliyoshiriki kuitengeneza Supa Team 4 pamoja na mbunifu wake, Malenga Mulendema wa Zambia. Wasanii walitakiwa waziwaze zama zijazo kwa macho ya Kiafrika, nao hawakuiga miji ya chuma na kioo iliyokwisha kuchorwa na wengine, bali walirudi katika ngano za wahenga wakazipeleka mbele. Raymond Malinga wa Kampala, mwasisi mmojawapo wa karakana ya Creatures, alitengeneza Herderboy, filamu ya wachunga ng'ombe wa zama zijazo, akichukua fahari ile ile ambayo wafugaji wa Uganda wameishi nayo tangu enzi za Bachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa katika ngano. Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza Enkai, akachukua jina la Mungu kwa lugha ya Wamaasai akampa msichana wa kimungu mwenye uwezo wa kuumba kama alio nao mama yake, naye anaposhuka duniani anayaona machungu wanayoyabeba wale wanaoilinda ardhi isiharibiwe na tamaa ya binadamu.

Mukii hakuzuka ghafla mwaka huo. Mwaka 2012, alipokuwa akihitimu katika chuo cha Royal College of Art, London, alitengeneza filamu fupi iitwayo Yellow Fever, ambamo alichanganya michoro, ngoma ya miili na mazungumzo ya jamaa zake mwenyewe, akawauliza wanawake wa Kiafrika kwa nini wanaichubua ngozi yao kwa madawa, na ni picha zipi walizolishwa tangu utotoni hata wakaiona rangi yao kuwa ni kasoro. Mtu aliyeitazama filamu ile ataelewa kwa nini vibonzo si tafrija tupu. Mtoto huyatazama mambo haya kabla hajajua kusoma, naye huchukua humo kipimo chake cha uzuri, cha ushujaa na cha mji unaostahili kulindwa. Na asipojiona humo, hujifunza bila ya kuambiwa kwamba mashujaa hutoka kwingine.

Wala Afrika haikuanza na makampuni hayo makubwa. Katika miaka ya 1960 Moustapha Alassane wa Niger alikwisha kutengeneza vibonzo vyake kwa zana duni, akawa baba wa sanaa hii kusini mwa Sahara; na mwaka 2004 UNESCO ilianzisha mradi wa kuwafundisha vijana wa bara hili uhuishaji, ambao wasanii wa Kenya na Tanzania walifaidika nao. Kisha ikaja Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, yenye vipande 52 vya hadithi za kueleza asili ya mambo, kama vile kwa nini simba hunguruma na tembo ana mkonga. Michoro yake ilifuata mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, muziki wake ulitungwa na Eric Wainaina, na kazi ya kuichora na kuiendesha ilifanywa Nairobi, katika karakana ya Homeboyz, na vijana wa Kenya waliojifunza wakiwa kazini. Mwaka 2011 Kwame Nyong'o akatoa The Legend of Ngong Hills, filamu fupi ya ngano ya Kimaasai. Mwaka 2021 mfululizo wa Super Sema, ambao Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wakuu wake, ukaanza kuonyeshwa katika YouTube, ukiwa na shujaa msichana anayeshinda kwa sayansi na ubunifu.

Lakini kazi ninayoitukuza kuliko zote hizo, kwa kipimo cha mizani wa pili, ni ya Ubongo, shirika lililoanza Dar es Salaam mwaka 2013 na ambalo Januari 2014 lilianza kuonyesha Ubongo Kids katika televisheni ya taifa ya Tanzania. Humo watoto na wanyama wa kijiji wanaingia mashakani, na kila shaka haiwatoki mpaka wafanye hesabu au wafuate kanuni ya sayansi, kisha wakaiimba ili isisahaulike. Na katika Akili and Me, mfululizo wa wadogo zaidi, msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro hufunga macho akaingia katika nchi ya ndoto ambamo hujifunza herufi, namba na adabu ya kuishi na wenzake. Vibonzo hivi havina gharama za Cape Town wala London. Mistari yake ni sahali na mandhari yake ni machache. Lakini vilitungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, vikapitishwa katika televisheni isiyolipiwa, na vingine vikafanywa vipindi vya redio kwa wasio na kioo cha kutazamia. Aliyevitengeneza alijiuliza kwanza ni nani atakayeviona, ndipo akashika kalamu.

Kwa mtoto wa Nchiru jambo hili ni la haki, na haki hiyo huanzia kwenye njia za kupitishia vibonzo. Netflix ipo Kenya tangu Januari 2016, na mwezi wa Septemba 2021 iliwafungulia Wakenya mlango wa bure, kwa simu za Android, wapate kutazama sehemu ya hazina yake bila malipo. Lakini mlango ule ulifungwa tarehe 1 Novemba 2023, yaani miezi isiyotimia minne baada ya Supa Team 4 kutolewa, na kabla sehemu yake ya pili haijatoka mwezi wa Desemba. YouTube haidai ada, lakini yataka bando, na bando la kutazamia filamu haliwezi kushindana na unga wa ugali katika mfuko wa mzazi mwenye kipato kidogo. Kinachobaki ni televisheni ya hewani, na hapa Kenya ina neema ambayo haisifiwi inavyostahili: tarehe 31 Machi 2020, wiki mbili tu baada ya skuli kufungwa kwa sababu ya korona, kulianza kituo cha watoto kiitwacho Akili Kids, kisicholipiwa, ambacho kilizipitisha kazi kama za Ubongo hadi katika nyumba ambazo mwalimu hakuweza kuzifikia. Kituo kimoja cha namna hii chaweza kumfaa mtoto wa Meru kuliko huduma tatu za kulipiwa zenye filamu elfu asizoziona.

Sasa niseme kwa nini nimemtaja mtoto wa Nchiru katika habari hii, nisimtaje wa Nairobi. Nchiru ndiyo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Ameru, ambalo limehukumu mashauri na kutunza mila za watu hao kwa vizazi vingi. Na hapo hapo, katika ardhi iliyotolewa na wazee hao, pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, ambacho hufundisha taaluma za kompyuta. Hapa, basi, kwa mwendo wa miguu, wanakaa walinzi wa hadithi na wanafunzi wa mashine zinazoweza kuihuisha hadithi. Ni miji michache ya Afrika iliyojaaliwa ujirani wa namna hii.

Na hadithi yenyewe ipo, nayo haihitaji kutiwa chumvi. Ameru husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha pwani ambacho wataalamu wengine hudhani kuwa kilikuwa karibu na Lamu, upande wa Manda. Na kwamba huko walitawaliwa kwa jeuri na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune, waliowatwisha mitihani isiyowezekana ili wapate kisingizio cha kuwaangamiza. Riwaya hutofautiana baina ya wasimulizi, kama ilivyo ada ya masimulizi, lakini mitihani yenyewe ni ya ajabu: waliambiwa walete ndama anayekunya mavi meupe, nao wakamlisha maziwa matupu, waliambiwa walete mbwa mwenye pembe, nao wakambandika pembe za paa, waliambiwa walitoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu pasipo kulichoma, nao wakalijaza shimo maji, tunda likaelea. Mwishowe waliambiwa wafue mkuki utakaogusa mbingu, na hapo wakajua kwamba hila imekwisha na kilichobaki ni kuhama. Kiongozi wao, ambaye wengi humwita Koomenjoe, aliwafikisha majini, maji yakatengana, wakavuka: waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri wakawa nyekundu, waliovuka mchana wakawa nyeupe. Padri Bernardo Bernardi aligusia masimulizi haya katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya Mugwe, kiongozi wa dini wa Ameru, na Jeffrey Fadiman akayaeleza kwa mapana katika kitabu cha mwaka 1993. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na bei yake si ya mtoto wa skuli ya msingi.

Msomaji aitazame hadithi hiyo kwa jicho la mchoraji. Ina adui mwenye rangi yake, ina hila tatu ambazo kila moja ni mchezo wa akili kama ule unaopendwa na watoto wa dunia nzima, ina safari ya usiku, ina bahari iliyogawanyika, na mwisho wake umekwisha kupangwa kwa rangi tatu za anga: giza, wekundu wa mapambazuko, na weupe wa mchana. Filamu ya dakika 10 yaweza kuibeba. Fauka ya hayo, ni hadithi inayomuunganisha mtu wa mlimani na mtu wa pwani, na ikisemwa kwa Kimeru na kwa Kiswahili itamfaa mtoto wa Tigania na wa Lamu sawasawa.

Naifahamu taabu iliyo mbele ya anayetaka kufanya hivyo. Kwa desturi ya biashara hii, kampuni inayoagiza na kulipia kibonzo ndiyo inayomiliki haki zake, na msanii hubaki na ujira na sifa. Na hadithi ya kaumu nzima ikiingia katika mkataba wa namna hiyo pasipo uangalifu, huweza kutoka mikononi mwa wenyewe. Lakini Kenya haina udhuru wa kutojua, kwa kuwa mwaka 2016 ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, ambayo huitambua jamii kuwa ndiye mwenye masimulizi yake na huzipa serikali za kaunti dhamana ya kuyaandikisha. Sheria ikibaki katika makabati haitamlinda mtu yeyote. Wazee wa Njuri wakiyaandikisha masimulizi yao, wakakaa na vijana wa chuo wakakubaliana kwa maandishi ni nini cha kuonyeshwa na ni nini cha kusitiriwa, na faida igawanywe vipi, watakuwa wametangulia mbele ya watu wengi walio na mitaji mikubwa kuliko wao.

Sisemi kwamba Kizazi Moto hakikutufaa. Kilithibitisha mbele ya walimwengu kwamba Kampala na Nairobi zina waongozaji wanaoweza kukaa meza moja na yeyote, na baada yake, Februari 2024, Disney ikatoa Iwájú, hadithi ya mji wa Lagos iliyobuniwa na kampuni ya Kugali, ambayo mmoja wa waasisi wake, Hamid Ibrahim, ni mtu wa asili ya Uganda. Waongozaji hao wamekwisha kutimiza wajibu wao. Uliobaki ni wa vyuo, ambavyo vinapaswa kuufundisha uhuishaji kwa bidii ile ile vinavyofundisha mifumo ya benki. Ni wa kaunti, ambazo zatumia fedha katika sherehe za utamaduni za siku moja, ilhali dakika 10 za kibonzo zingedumu miaka 30. Ni wa vituo vya televisheni, ambavyo vinapaswa kununua kazi ya nyumbani kwa bei itakayomwezesha fundi kuishi. Na ni wa waandishi wa Kiswahili, ambao kwa muda mrefu wameuacha uwanja huu kana kwamba hauwahusu. Mkataba wowote utakaotiwa saini juu ya hadithi ya Afrika Mashariki ungefaa uwe na sharti moja dogo, lisilomkhasiri yeyote: kwamba filamu, itakapoonyeshwa kwa wanaolipa kokote duniani, ionyeshwe pia bure, kwa Kiswahili, hewani, katika nchi ilikotoka. Mwenye kulidai sharti hilo hadai sadaka. Anadai haki ya mtoto kuyaona yaliyo yake.